Tundu la milimita 25

Huku Uingereza hata ndege hupimiwa mlango. Kisanduku cha ndege kutagia nilichopigilia ukutani nyuma ya nyumba kina tundu la milimita 25, kwa sababu ndege niliyemkusudia, wanayemwita blue tit, ni mdogo sana: kifua cha manjano, utosi wa buluu. Tundu likifika milimita 32, shomoro naye anaenea. Nyumbani sijawahi kuona mtu akimpimia ndege mlango. Shomoro walijipenyeza kwenye mwanya kati ya ukuta na bati, mbayuwayu wakabandika udongo wao barazani, tukaishi nao.

Jike wangu alianza mwezi wa nne. Kwenye kamera ndogo niliyoiweka ndani nilimwona akitaga yai moja kila asubuhi mpaka yakatimia tisa, kisha akaatamia kama wiki mbili. Makinda walipoanguliwa, wazazi wote wawili walileta viwavi tangu alfajiri hadi giza. Siku moja mama alitoka na kitu cheupe mdomoni, nikadhani ni ganda la yai. Kumbe ni choo cha kinda: hutoka kimefungwa ndani ya kifuko laini, na mzazi hukibeba akakitupe mbali. Nilisimama dirishani nikiangalia safari hizo hadi miguu ikafa ganzi.

Wenzangu tuliohamia huku husema Wazungu wanapenda ndege kuliko sisi. Mimi sikubali. Nyumba za huku zimezibwa kila ufa ili joto lisitoke, na shomoro yumo kwenye orodha nyekundu, yaani ya ndege wa nchi hii wanaohofiwa zaidi kupungua, tangu 2002. Wanampa ndege kwa kisanduku kile walichomnyima kwa ukuta. Ninachowaheshimu ni sheria yao ya mwaka 1981: kiota kikishaanza kujengwa, hukibomoi mpaka ndege amalize, hata kikiwa darini kwako. Sisi tulipokuwa wadogo tuliangusha viota vya mnana kwa manati, makinda wakiwa ndani, na hakuna mkubwa aliyetukemea. Linaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaojenga nyumbani, msihangaike na visanduku. Acheni mwanya mmoja chini ya paa, na kabla fundi hajaziba ule wa zamani, mwambieni achungulie kwanza.

Makinda wangu waliruka mwanzoni mwa Juni, mmoja mmoja. Wa mwisho alikaa tunduni karibu saa nzima, kichwa nje, mama akimwita kutoka uani.