Kumi, Tisa... Kiduara

Hivi mtandao ukitaka kugoma, lazima usubiri sekunde ya kumi kabla ya roketi kuruka? Si ya hamsini, si ya arobaini. Ya kumi!

Tarehe 27 Mei 2020 nilikesha hapa Uyole, baridi ya kukunja vidole, blanketi hadi masikioni, nikingoja wanaanga wa NASA, Doug Hurley na Bob Behnken, warushwe angani kutoka Florida, Marekani, saa 5:33 usiku. Zimebaki dakika kama 17, wakaahirisha. Hali ya hewa! Haya, mawingu siyagombezi, hata sisi ukungu tunaujua. Ila bando langu lilishaliwa, na nani analirudisha?

Tarehe 30 nikanunua jingine. Safari hii saa 4:22. Shemeji akajisogeza na karanga zake. "Hao wakibanwa haja huko juu inakuwaje?" Shem, subiri! "Na wakirudi wanatua wapi?" Baharini, shem, subiri!

Kumi... tisa... kiduara.

Kiduara kikazunguka, kile cha mtandao ukikwama. Jamani, kile kiduara kiliizunguka dunia kabla ya wanaanga wenyewe! Roketi yao, Falcon 9, iliwafikisha kwenye obiti, ile njia ya kuizunguka dunia, kwa dakika 12 hivi. Mimi dakika hizo nilikuwa uani, nimesimama juu ya ndoo, simu juu kama naombea mvua.

Picha kurudi, watu wameshafika, wametulia. Moto sikuuona. Moshi sikuuona. Shemeji anatafuna tu: "Kumbe ndiyo hivyo?"

Wenzangu wa Mbeya, kuna hata mmoja wenu aliyewahi kuiona roketi ikiwa bado iko chini?