Subiri Mzee, Nafungua Kichupo

Mimi ni mtu wa madirisha mawili. Flashi ya mteja kushoto, folda zangu kulia, faili nalivuta huku nalitupia kule, mteja anaona kwa macho yake, analipa mia mbili, anakwenda zake. Miaka tisa steshenari inakwenda hivyo na watoto wanakula.

Juzi mpwa wangu kaja likizo, kanikuta na madirisha kumi na moja wazi. "Anko, hatufanyi hivyo siku hizi. Bonyeza Control na T." Nikabonyeza, kikachomoza kijilimi pale juu. Akasema hiyo ni tabu, yaani folda nyingine ndani ya dirisha lilelile. Nikamwambia tabu ninazo, kodi ya fremu haijalipwa na luku inasoma yuniti nne. Akaanza kunihutubia: watu wa Mac wanazo tangu 2013, wa Linux kabla ya hapo, Windows 11 ikazipata 2022, umebaki wewe tu. Nimebaki! Kana kwamba kulikuwa na basi.

Kwa Kiswahili sanifu eti ni kichupo. Aliyepitisha neno hilo hajawahi kusimama mbele ya mama wa watu, amevaa mtandio wake vizuri, akamwambia, "Subiri kidogo mama, nikufungulie kichupo." Mimi nilimwambia. Siku hizi anaprinti kwa jirani.

Sasa leo asubuhi. Mzee mstaafu, Kaunda suti imenyooka, flashi kaifunga kwa kamba ya kiatu, kamba iko shingoni na haivui. Shikamoo, marahaba, anataka muhtasari wa kikao cha ukoo, kopi thelathini. Thelathini! Nikakaa wima kama meneja wa benki. Nikachomeka flashi, na mzee naye akaja nayo, kainama, pumzi ya kahawa ya tangawizi ikinipiga sikioni.

Sikilizeni jinsi hizi tabu zinavyofanya kazi. Zimelaliana, moja juu ya nyingine, kwa hiyo faili huwezi kulitupa tu. Unalishika, unalipandisha hadi kwenye kijilimi cha tabu nyingine, unalining'iniza hapo, unasubiri tabu ijifungue, ndipo unashuka nalo. Yaani uko mlangoni na ndoo ya maji kichwani, wa ndani anatafuta ufunguo. Na kitufe cha kipanya changu kimelegea, kinaachia chenyewe. Na vijilimi viko vitano, vyote vimeandikwa Niu Folda.

"Mbona unalizungusha?"

"Silizungushi mzee, nalisubirisha."

"Linasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Tabu ikafunguka, kipanya kikaachia.

Narudi kwenye flashi, faili halipo. Kumbe tabu mbili kati ya zile tano zilikuwa za flashi hiyohiyo. Ukivuta faili kutoka flashi kwenda kwenye kompyuta linanakiliwa, ukilivuta ndani ya flashi ileile linahama mazima.

"Muhtasari uko wapi?"

"Umehama, mzee."

"Umehamia wapi? Humo kuna kiwanja cha Kibaha!"

Hapo ilitakiwa Control na Z, mambo yarudi yalivyokuwa. Mkono ukaenda kwenye W. Tabu ikafunga. Nikabonyeza tena, nikafunga nyingine. Nilibonyeza mara tano jamani, hadi dirisha lenyewe likatoweka, na mzee kampigia mwanawe simu kwa spika: "Kijana wa steshenari amehamisha kiwanja."

Tulilikuta kwenye picha za sendofu ya binti yake. Nikafungua madirisha mawili, kushoto na kulia, kama binadamu. Kopi ya kwanza ikatoka. Ya kumi na mbili ilipofika nusu, umeme ukakata. Zile yuniti nne.

"Sasa nichomoe?" mzee anauliza, bado kainama.

Nikamwambia subiri kwanza, maana mwanawe anasema ukichomoa kabla kompyuta haijaruhusu mafaili yanaharibika, na kompyuta yenyewe imezima, itaruhusu vipi? Nikamsogezea kigoda ili asiumie mgongo. Nikatoka kununua luku. Wakala hana floti, wa pili kaenda kunywa chai, na wa tatu ananiuliza kama ninayo chenji ya elfu kumi. Mimi! Asubuhi hii! Yule dada wa vitumbua naye kapandisha bei, na safari hii wala hajasingizia mafuta.