RPG za Kijapani za bei chee: umaskini wa picha nausamehe, uvivu siusamehi

Nilimaliza Asdivine Hearts, RPG ya simu, yaani gemu ya kuongoza mashujaa kwenye safari wanapigana na kuongezeka nguvu, ndani ya basi la Mwanza kwenda Dar, tumeshapita Singida, mtandao unakuja unakata, watu wote simu wameshaweka mfukoni maana bila bando hakuna cha kufanya, mimi niko na bosi wa mwisho jasho linanitoka. Ukimwonyesha hiyo gemu mtu aliyezoea PlayStation 5 atakuuliza hii ni ya mwaka gani, picha ni zile za vidoti vidoti na mji mzima una nyumba kama sita hivi. Lakini nilikaa nayo wiki tatu, na nilipomshinda yule bosi niliangalia dirishani muda mrefu tu bila kusema kitu.

Kwa wasiozijua, hizi RPG za simu nyingi zinatolewa na Kemco, kampuni iliyoko Kure, mkoa wa Hiroshima, ni wa zamani hawa, walikuwepo tangu miaka ya 1980 enzi za Famicom, ile mashine ya gemu ya Nintendo. Zilipokuja simu janja wakaanza kutoa RPG moja baada ya nyingine, zinatengenezwa na vistudio vidogo kama Exe-Create, Magitec na Hit-Point, na hao Hit-Point ndio waliokuja kutoa Neko Atsume mwaka 2014, ile ya kuwawekea paka chakula uani. Sasa ukishajua kwamba ni watu wachache wanaokimbizana na muda, unaelewa vitu vingi, kwa nini majumba yanafanana, kwa nini kila pango lina ukuta wa rangi ileile.

Mimi kinachonivuta kwanza ni kwamba gemu inaisha. Jamani hili watu hawalioni lakini ni kubwa. Gemu nyingi za bure kwenye simu zimetengenezwa zisiishe, kila siku ingia uchukue zawadi, subiri masaa manne, lipia usisubiri, na bando linaliwa muda wote huo. Hizi unapakua mara moja, hazitaki mtandao kucheza, nyingi unasevu popote ulipo hata katikati ya pango, umeme ukikatika na chaji imebaki asilimia tatu huna wasiwasi. Kuna mwanzo, kuna mwisho, na ukifika mwisho unajua umefika.

Halafu ni zile zamu. Watu wanasema kupigana kwa zamu kunaboa, mimi nimekulia kwa babu aliyekuwa anacheza bao kila jioni na sikuwahi kusikia mtu akimwambia bao linaboa kwa sababu unamsubiri mwenzio acheze. Ule utulivu wa kuhesabu, huyu amebakiwa na nguvu kidogo, huyu nikimponya sasa hivi zamu ijayo atasimama, yule wa nyuma nimpe ngao, ndio utamu wenyewe. Na inakaa vizuri na maisha ya mtu mzima, mteja akija unaiweka chini, ukirudi adui bado anakusubiri.

Sasa nije kwenye kinachoniuma, na kinaniuma kwa sababu nazipenda.

Picha duni siyo tatizo, naomba hilo lieleweke. Dragon Quest ya kwanza, RPG iliyobuniwa na Yuji Horii, ilitoka Japani mwaka 1986 ndani ya kaseti ya kilobaiti 64. Picha moja ya harusi unayotumiwa WhatsApp mara nyingi ni nzito kuliko gemu ile nzima! Nafasi ilikuwa finyu mpaka wakashindwa kuweka herufi zote za katakana, moja ya aina za maandishi ya Kijapani, ikabidi wachague maneno yanayoandikika kwa zile chache walizobaki nazo. Na walifanya ule ujanja ambao leo tunawalaumu nao maskini wa simu, unachukua mnyama mmoja unambadilisha rangi unamwita mwingine. Slime, yule adui kama tone la utelezi, yupo wa bluu, yupo mwekundu, halafu kuna slime wa chuma.

Huyo wa chuma ndiye ninayetaka tumwangalie. Umbo ni lilelile, tena nguvu zake za maisha ni chache mno, lakini mwili ni mgumu karibu kila pigo linateleza, na ukizubaa anakimbia, ila ukibahatika kumuua anakupa uzoefu, zile pointi za kukuza shujaa wako, mwingi kuliko maadui wengi wakubwa wa humo. Kwa hiyo mchoro umebaki uleule ila moyo wako unadunda tofauti kabisa ukimwona. Waliokota kitu ambacho tayari wanacho wakakipa tabia, na tabia haikuwagharimu kilobaiti nyingi, iliwagharimu kukaa chini na kufikiri. Mpaka leo, karibu miaka 40, slime wa chuma bado yupo kwenye Dragon Quest na bado anakimbia.

Sasa chukua RPG ya bei chee ya kawaida ya kwenye simu. Popo wa kahawia kwenye pango la kwanza, popo wa zambarau kwenye pango la nne, tofauti yao huyu wa pili ana namba kubwa zaidi basi. Anapiga vilevile, anakufa vilevile. Hapo ndipo naposema uvivu, maana kumfanya yule popo wa pili aibe dawa zako au amwite mwenzake hakuhitaji mchoraji mpya wala pesa mpya.

Na kinachonichanganya zaidi ni kwamba watu hawahawa kwenye mifumo wana akili nyingi. Hiyo Asdivine Hearts ina kiboksi ambacho unapanga vito ndani yake, vina maumbo tofauti, lazima uvikalishe vikae, unaweza ukamaliza nusu saa unapangua unapanga. Ni kitu kizuri kweli. Lakini tatizo la hizi gemu kwa ujumla, siisemi hiyo peke yake, ni kwamba ukishapanga vizuri hakuna adui anayekuuliza swali. Unabonyeza batani ya kupigana yenyewe, simu inapigana, wewe unakunywa chai. Umenipa kisu kizuri hivyo halafu hakuna nyama ya kukata. Nikiweka ugumu wa juu namba zinaongezeka tu, akili inayotakiwa ni ileile.

Stori ndiyo usiseme. Kijana hana wazazi, rafiki yake wa kike wa utotoni, mfalme wa giza amefungiwa miaka elfu, fuwele nne. Asdivine angalau ina mungu aliyeingia kwenye mwili wa paka na maongezi yake yananichekesha mpaka leo, lakini ukicheza tano mfululizo unaanza kutabiri nani atasaliti kabla hajafungua mdomo. Kiingereza chake mara nyingine kinapinda, hilo silipi uzito sana, hata Final Fantasy VII ya 1997 pamoja na pesa zote za Square waliyoitengeneza ilitoka na ile sentensi ya "This guy are sick." Sisi wengine Kiingereza chenyewe tumekiokota humohumo, kamusi pembeni.

Kuna wanaojua kuugeuza ufinyu ukawa uamuzi. I Am Setsuna ya 2016, wenyewe Tokyo RPG Factory walikuwa tawi dogo la Square Enix, dunia yote ni theluji na muziki karibu wote ni piano. Hiyo inaokoa kazi nyingi sana, lakini ukiicheza unahisi baridi na huzuni, msichana anaenda kutolewa kafara na huoni rangi nyingine mpaka umezoea weupe. Au Dragon Sinker ya Kemco hao hao, picha za enzi ya Famicom kwa makusudi, unaongoza timu tatu za watu wanne wanne, ya binadamu, ya elf (wale wa hadithi wenye masikio marefu) na ya mbilikimo, unazibadilisha katikati ya vita. Muziki wakampa Ryuji Sasai, mmoja wa waliotunga muziki wa Final Fantasy Mystic Quest, ambayo nayo mwaka 1992 ilikuwa RPG iliyorahisishwa kwa ajili ya Wamarekani, wakaisema sana ni nyepesi, lakini zile nyimbo za vita watu wanazipiga kwa gitaa mpaka leo.

Maduka ya pesa halisi ndani ya gemu uliyokwisha kuinunua siyapendi, sina zaidi ya kusema hapo.

Kuna gemu moja niliicheza mwaka juzi, ndogo sana, kijiji cha pwani kina mzee mmoja mvuvi anakuambia samaki leo wapo. Kila ukipita, samaki leo wapo. Baadaye daraja linavunjwa na maadui, nikapita tena nikamgusa bila kutegemea kitu, akaniuliza kama nimemuona mjukuu wake bandarini. Ni mstari mmoja tu, hakuna alama ya kazi mpya, hakuna zawadi. Nilirudi kwa miguu ramani nzima mpaka bandarini. Mtoto alikuwepo, amesimama pembeni ya mapipa, nikamgusa akasema babu yake amemwambia asiondoke hapo.

Nikasevu palepale.