Mfuko Mdogo? Fufua CG125, na Msumeno Uuache Ukutani

Ukiona pikipiki ya zamani imekatwa mkia wa fremu kabla injini haijafunguliwa, ujue pesa imeshaanza kupotea. Nyingi za mikoa yetu hii ya Mtwara na Lindi huanza hivyo, kuanzia Shangani mpaka Nachingwea. Kijana ananunua Honda kuukuu kwa bei inayokaribia ya chuma chakavu, anang'oa madigadi, anakata fremu ili siti iwe fupi, anapiga tanki rangi ya kung'aa, anapiga picha. Injini bado inavuja oili, breki ya mbele haishiki, waya zimeunganishwa kwa kusokotwa na kufungwa nailoni. Haichukui muda inaegemezwa ukutani, na safari hii haiuziki hata kwa bei ileile aliyonunulia, maana fremu si nzima tena.

Msimamo wangu ni kwamba mwenye mfuko mdogo achague Honda CG125, aifufue katika umbo lake, na shilingi za kwanza ziende kwenye breki na magurudumu, kisha injini, kisha umeme. Urembo uje mwisho, na uwe wa kufungwa na kufunguliwa kwa spana.

Kwa nini CG125? Honda waliianza miaka ya kati ya 1970 kwa ajili ya nchi ambazo oili hubadilishwa ikikumbukwa tu. Kamshafti yake, yaani shafti yenye nundu inayofungua valvu, haiko juu kwenye hedi, kichwa cha silinda. Iko chini, na nundu moja tu inasukuma fimbo mbili zinazofungua valvu zote mbili. Linganisha na XL125S, pikipiki nzuri ambayo nayo bado unakutana nayo: kamshafti yake iko juu na inazunguka moja kwa moja kwenye aluminiamu ya hedi, bila beringi. Oili ikipungua mara chache tu, hedi inaliwa, na hapo unatafuta hedi nzima. Yamaha DT125 ina mvuto wake barabarani, lakini ni injini ya tusitiroku (ya mipigo miwili), na siku oili sili za krankshafti, ile shafti kuu inayozungushwa na pistoni, zikichoka inaanza kuvuta hewa, inapata moto na kushika pistoni. Kwa mwenye pesa hizo si tatizo. Kwa wewe mwenye mfuko mdogo ni mtego.

Sababu kubwa zaidi iko kwenye vijiwe vya bodaboda. Injini za pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani zilinakiliwa kutoka CG. Pistoni ya CG125 ina kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 49.5, na nakala za 125 zimefuata vipimo hivyohivyo. Kwa hiyo pistoni, ringi, gasketi, pleti za klachi, valvu na kabureta vinapatikana Mtwara mjini, Lindi, Masasi, hata Tandahimba, kwa bei ya bodaboda. Kisichopatikana huku kinatafutwa Dar es Salaam, Gerezani au Kariakoo, na kuwekwa kwenye basi. Ila usinunue kwa kutaja jina tu. Nenda dukani na kifaa cha zamani mkononi, upime pini ya pistoni, idadi ya meno, urefu wa valvu, nafasi ya matundu ya boliti. Na usidanganywe na vifaa vya Boxer: ile kamshafti yake iko juu, ni familia nyingine kabisa.

Kuhusu wakati wa kununua, huku kwetu kalenda ni korosho. Kuanzia Oktoba minada ikishafunguliwa, mwenye pikipiki hana haraka ya kuuza. Agosti na Septemba mfuko wa mkulima umekauka na bei inasikiliza. Kabla ya kutoa hata shilingi, soma namba ya chasisi na ya injini, uzilinganishe na kadi. Kama haziendani, au kama eneo la namba limesagwa, ondoka. Umiliki utahamishwa TRA (Mamlaka ya Mapato), na fremu isiyo na karatasi ni mzigo hata ikitolewa bure.

Halafu piga magoti. Hewa ya chumvi ya Mikindani na Lindi mjini haianzi kula pale unapopaona. Angalia chini ya kisanduku cha betri, ndani ya pembe ambako mkono wa nyuma unaungana na fremu, kwenye nati ndogo za spoki, na chini ya sailensa. Gongagonga kwa mpini wa bisibisi: chuma kizima kinalia, kilicholiwa kinatoa sauti butu. Kutu ya juu ni kazi ya msasa. Kutu iliyotoboa bomba la fremu ni sababu ya kuacha. Shika usukani gurudumu likiwa juu, ugeuze polepole. Kama unakwama katikati kama una kijishimo, vikombe vya golori vimeliwa. Piga kiki kwa mkono: isipokupa ukinzani wowote, ama ringi zimekwisha ama valvu hazifungi.

Kama injini imeganda, usiipige kiki kwa nguvu. Toa plagi, mimina vijiko vitatu au vinne vya dizeli iliyochanganywa nusu kwa nusu na oili ya gia otomatiki, acha siku tatu hadi tano ukiongeza kidogo, kisha jaribu kuzungusha kwa spana kwenye nati ya sumaku, mbele na nyuma taratibu. Anayeruka juu ya kiki huvunja meno ya gia za kiki, na hapo injini nzima inabidi ipasuliwe katikati kwa kosa la dakika moja.

Sasa mgawanyo wa pesa. Katika kila shilingi 100,000 ulizonazo za matengenezo, tenga 40,000 za injini, 25,000 za breki, matairi na beringi, 15,000 za umeme, 10,000 za rangi na siti. Elfu kumi inayobaki ni ya boliti itakayokatikia ndani, na itakatika. Breki zinatangulia ingawa fungu lake ni dogo kuliko la injini, kwa sababu zikifanywa mwisho huwa hazifanywi.

Breki za CG ni za ngoma, hazina siri. Osha vumbi kwa maji na sabuni, usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwani bitana za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Pitisha kidole ndani ya ngoma: ukihisi ukingo mrefu, peleka kwa mwenye mashine ya kuchonga aisawazishe kabla ya kufunga breki shuu mpya. Badilisha waya wa breki ya mbele hata kama unaonekana mzima, maana unaoza ndani ya ganda. Magurudumu yanyooshwe yakiwa kwenye fremu yenyewe: funga kijiti kwenye mguu wa shokapu, zungusha, kaza spoki robo mzunguko kwa robo mpaka yumbo lisizidi milimita 2. Beringi zina namba pembeni. Nunua kwa namba hiyo, zile zilizofunikwa mpira pande zote, sababu mchanga wa njia za Newala na Tandahimba hausamehi beringi iliyo wazi. Tairi lina tarakimu nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi kuukuu lenye kashata (meno ya tairi) nzuri lakini mpira mgumu linateleza kwenye lami ya mvua kuliko lililoisha kashata kidogo.

Kwenye injini ndipo penye utajiri wa akiba kwa anayejua mpangilio. Kosa linalorudiwa ni kutoboa silinda (kuipanua kwa mashine) kwanza, pistoni baadaye. Nunua pistoni kwanza. Ziko za kawaida na za kuongezwa 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00. Chukua ndogo kuliko zote itakayoondoa mikwaruzo, mpe fundi mashine pistoni hiyohiyo aipime, atoboe kulingana nayo. Ukifika nyumbani osha silinda kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, kisha ipake oili papo hapo. Petroli peke yake haitoi unga wa jiwe la mashine unaobaki baada ya kutoboa, na unga huo ndio unaomaliza ringi mpya kabla hazijakaa.

Ingiza kila ringi ndani ya silinda bila pistoni, uisukume iwe sawa, pima mwanya kwa fila geji. Karibu milimita 0.2 ni sawa, ikifika 0.5 ringi imekwisha. Wakati wa kufunga, tawanya mianya ya ringi isipangane mstari mmoja. Valvu zijaribiwe bila gharama: geuza hedi, mimina petroli kwenye tundu la kuingizia hewa, halafu la moshi. Ikichuruzika kwenye kiti cha valvu, saga kwa poda ya kusagia valvu mpaka ukanda wa kijivu uzunguke bila kukatika. Tapeti, yaani mwanya ulioachwa juu ya valvu, ziwekwe injini ikiwa baridi, pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, milimita 0.08 kwa zote mbili. Wengi wanazikaza zaidi ili zisilie. Tapeti isiyo na nafasi huacha valvu wazi kidogo ikipata moto, ikaungua ukingo, na pikipiki ikawa haiwaki asubuhi. Heri ilie kidogo.

Ukiwa umefungua kifuniko cha klachi, fungua pia kikombe kidogo cha mwisho wa krankshafti kinachoshikwa na skrubu tatu. Hicho ndicho chujio cha oili cha injini hii, kinachotupa uchafu pembeni kwa mzunguko. Mafundi wengi hawakigusi, na ndani unakuta tope limekauka. Kuna pia wavu wa kuchuja, nao uoshwe. Skrubu za vifuniko zikiwa zimeliwa, usihangaike na bisibisi ya kawaida. Tumia ile ya kugongwa kwa nyundo, kisha rudisha boliti za aleni za milimita 6 zikiwa na grisi kwenye nyuzi. Chuma kisichoshika kutu kikifungwa kikavu ndani ya aluminiamu, hewa ya bahari itavigandisha tena.

Kabureta ya zamani ikiwa haijaliwa, isafishe. Jeti zizibuliwe kwa uzi mmoja wa shaba uliotolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma inapanua tundu, na baada ya hapo pikipiki itakunywa petroli na kutoa moshi mweusi bila dawa. Skrubu ya mchanganyiko anzia mzunguko mmoja na nusu nje, kisha tafuta sauti nzuri injini ikiwa na moto.

CG za mwanzo ni za volti 6 na zina pointi, ile swichi ndogo inayoipa plagi cheche kwa wakati wake. Pointi ziachie milimita 0.35 na zitakuwakia. Tatizo ni balbu na betri za volti 6, ambazo kuzipata huku ni kazi. Kwa maoni yangu hapa ndipo pa kuachana na ya asili bila majuto: hamia volti 12 yenye CDI, kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi ya pointi, kutoka kwenye nakala ya Kichina. Nunua koili za ndani na sumaku kwa pamoja, kutoka injini moja, usichanganye. Na usilipe kabla hujaijaribu sumaku kwenye koni ya krankshafti yako: ikae bila kucheza na ufunguo wake uingie. Ongeza regyuleta, koili ya plagi, balbu zote, flasha na honi. Ukisahau balbu moja ya volti 6 itaungua siku hiyohiyo.

Tanki lina kutu ndani karibu kila mara. Kuna wanaomwaga maji ya betri. Yanasafisha kweli, na yanatoboa kwenye mshono. Njia ya bei nafuu ni magadi na chaja ya betri ya volti 12. Ziba tundu la koki kwa mpira, jaza maji yenye kijiko kimoja cha chakula cha magadi kwa kila lita 4, ning'iniza kipande cha nondo mdomoni kwa kutumia kifuniko cha plastiki kilichotobolewa ili kisiguse tanki popote. Chanya kwenye nondo, hasi kwenye tanki. Acha saa 12 hadi 24, ukitoa nondo na kuikwangua kila inapojaa tope. Fanyia nje, mbali na sigara na jiko, kwani gesi inayotoka inalipuka. Usitumie chuma cha pua badala ya nondo, kinatoa sumu ndani ya maji. Ukimaliza suuza, kausha juani, zungusha petroli yenye oili kidogo ndani siku ileile, la sivyo kutu inarudi kesho yake. Rangi ya tanki hufuata baada ya hapo, sio kabla. Na tanki linalohitaji kuchomelewa lijazwe maji kwanza mpaka karibu na tobo, kwa sababu mvuke wa petroli hubaki hata miezi.

Rangi nitapita haraka. Ipige kati ya Juni na Oktoba, jua likishapanda na umande umekauka, maana unyevu wa pwani huacha ukungu mweupe juu ya rangi. Fremu itosheke na praima nyekundu ya kuzuia kutu na rangi nyeusi ya mafuta kwa brashi. Kromu iliyokufa usiifukuzie, paka nyeusi.

Kuhusu kuibadilisha umbo: usukani mpya, siti iliyoshonwa upya na fundi makochi, keria imara, taa kubwa zaidi, vyote ni halali. Madigadi yabaki, yanazuia mchanga na tope kuingia kwenye shokapu na kabureta. Kama pikipiki yako bado ina kile kifuniko kizima cha mnyororo, kilinde kuliko tanki. Wengi wanakitupa eti kinaonekana cha kizee. Kwenye mchanga wa nyanda za Makonde, mnyororo uliofunikwa na kupakwa oili unaishi zaidi ya ulio wazi kwa mbali, na sproketi zake pia.

Ikishawaka, isipelekwe Masasi siku ya kwanza. Jaza oili, karibu lita moja, ukipima kwa kijiti na si kwa macho. Iende kilomita 300 bila kuvutwa resi mpaka mwisho na bila kubeba abiria, kisha mwaga oili ikiwa moto, kaza nati za hedi kwa msalaba injini ikiwa imepoa, pima tapeti tena, kaza spoki zilizolegea. Mwaga nyingine kwenye kilomita 1,000. Plagi ikitoka rangi ya kahawia, pakia mzigo.