Kijana kajitolea, shirika limemkana: nani anadaiwa nini?

Binti wa rafiki yangu, miaka 16, alijitolea kwenye shirika dogo la hisani kwa miezi minane, kila Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kuchora vielelezo vya kijitabu cha afya ya mama na mtoto: mikono ikinawa, mama akinyonyesha, mtoto amebebwa mgongoni. Michoro 22 kwa jumla. Kijitabu kilipotoka, ukurasa wa pili ulisomeka "Kimetayarishwa na timu ya mawasiliano", basi. Baadaye shule ikamtaka barua ya kuthibitisha saa alizojitolea. Mratibu aliyempokea alikuwa ameshaacha kazi, na aliyerithi kiti chake alimjibu kwa mistari miwili: hatuna kumbukumbu za jina hilo, na kazi zote za wanaojitolea ni mali ya shirika.

Baba mtu akanipigia simu. Alikuwa anapima mawili, ama aende pale ofisini Jumatatu asubuhi, ama aianike habari yote mtandaoni usiku uleule. Nilimwomba anipe siku mbili.

Ukiisoma ile mistari miwili taratibu, utaona imefunga mambo mawili kwa kamba moja. La kwanza ni ushahidi: je, huyu binti alikuwepo, na alifanya kazi kwa muda gani? La pili ni jina: je, aliyechora aandikwe kwamba ndiye aliyechora? Kuna na la tatu, yaani cheti chenye nakshi, picha ya pamoja na makofi ya hafla, lakini hilo naliweka kando, maana makofi hayadaiwi. Ugomvi mwingi wa aina hii hauishi kwa sababu upande mmoja unadai la kwanza na mwingine unajibu la pili.

Wanaolitetea shirika hukimbilia methali: tenda wema nenda zako, usingoje shukrani. Nimeisikia mara nyingi, na mara nyingi anayeisema ni aliyepokea wema, si aliyeutenda. Methali ile inamsemesha mtenda. Inamwonya asiuweke moyo wake rehani kwa shukrani za watu. Haimpi mpokeaji ruhusa ya kusema wema haukutendeka. Tena barua ya saa si shukrani. Mtu anaweza kuiandika amenuna, bila neno moja la sifa, ikiwa imetaja jina, tarehe, kazi na idadi ya saa, nayo ikatosha kabisa.

Hata hivyo upande wa shirika una hoja ambazo wazazi hawapendi kuzisikia, nami nazichukulia kwa uzito.

Anayetia sahihi karatasi ya saa anatoa ushuhuda. Waratibu wanawajua vijana wanaofika mara tatu, wanakaa kwenye simu, kisha wiki ya mwisho wa muhula wanaleta fomu ya saa 40. Fomu hizo zina uzito. Jimbo la Maryland nchini Marekani, kwa mfano, huwataka wanafunzi wa shule za umma saa 75 za huduma kabla ya kuhitimu sekondari, na mpango wa tuzo kwa vijana uitwao Duke of Edinburgh's Award, ulioanzishwa Uingereza mwaka 1956, haumpitishi kijana bila ripoti ya msimamizi asiye ndugu yake. Mratibu mpya anayeombwa kuthibitisha miezi minane ambayo hakuiona kwa macho yake ana haki ya kusita. Angesema tu "sikuwepo, nipe kitu cha kunionyesha", nisingemlaumu hata kidogo.

Hoja ya pili ni usalama wa mtoto. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamhesabu binti huyu kuwa mtoto mpaka afike miaka 18, na kifungu cha 16 kinalinda faragha yake. Mashirika makini hayachapishi jina kamili la mtoto pamoja na picha na shule yake, na yana sababu: kijitabu husambaa mahali ambapo shirika halina mkono. Tatizo ni kwamba sababu hii nzuri imekuwa pazia la uvivu. Kama shirika linaogopa jina kamili, lipo jina la kwanza peke yake, zipo herufi mbili, ipo ridhaa ya mzazi. Mkataba huohuo, kifungu cha 12, unataka mtoto asikilizwe katika mambo yanayomhusu, na hapa hakuna aliyemwuliza. Isitoshe, faragha haihusiani na barua inayokwenda kwa mwalimu mmoja ndani ya bahasha.

Ya tatu ndiyo ngumu zaidi. Kazi ya shirika hupita mikono mingi. Michoro ya binti ilisafishwa na mtu mwingine, ikapakwa rangi, miwili ikachorwa upya. Ukianza kutaja majina utaishia wapi? Aliyepiga chapa, aliyesoma prufu, aliyebeba maboksi? Kuna mashirika yaliyoamua kutomtaja yeyote, hata mkurugenzi, na uamuzi huo ukitumika kwa wote ni wa haki. Lakini "timu ya mawasiliano" ya shirika hili ilikuwa mtu mmoja, mwenye mshahara. Ukisema timu mahali ambapo yupo mtu mmoja, huku aliyechora hayumo ndani yake, hujaficha majina ya wote. Umehamisha kazi ya mtu.

Sasa lile neno "mali". Hapa shirika lilijiamini kupita kiasi. Mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi inayofanana na hii kuliko mtu angetarajia. Shirika la Community for Creative Non-Violence la Washington, lililokuwa likitetea watu wasio na makazi, lilimwagiza mchongaji James Earl Reid sanamu. Reid hakudai ujira wa mkono wake, alilipwa gharama za vifaa tu. Ulipozuka ugomvi wa nani ana hakimiliki, shirika lilisema wazo lilikuwa letu na tulimsimamia. Majaji walikubaliana wote kwamba Reid hakuwa mwajiriwa wa shirika, kwa hiyo kazi yake haikuwa ya shirika moja kwa moja kwa kigezo cha ajira. Kwa lugha nyepesi, kutomlipa mtu hakumgeuzi kuwa mwajiriwa wako. Bila maandishi ya kuhamisha haki, shirika linaloshika michoro ya mtu aliyejitolea mara nyingi lina ruhusa ya kuitumia, si zaidi.

Na hata haki ikihamishwa, jina ni jambo jingine. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa unaolinda kazi za fasihi na sanaa, katika kifungu cha 6bis kilichoongezwa Roma mwaka 1928, unasema mtunzi anabaki na haki ya kudai kuwa yeye ndiye mtunzi hata baada ya kuuza haki zake za mapato. Nchi zinautekeleza kwa viwango tofauti. Uingereza, kwa sheria yake ya 1988, haki hiyo humfaa aliyeidai rasmi, kwa kawaida kwa maandishi. Marekani imeibana zaidi: sheria yake ya 1990 inalinda sanaa za kuonwa kwa nakala chache, na imeviacha nje mabango na vitabu. Kwa hiyo sheria inampa binti huyu hoja, ila asiitegemee kama fimbo. Kwenda kwa wakili kwa sababu ya kijitabu cha kurasa 30 ni kutumia shoka kuua mbu, na wakili atagharimu kuliko shirika lenyewe linavyotumia kwa mwezi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo nadhani lina nguvu kuliko sheria. Wafadhili wengi hukubali saa za watu wanaojitolea zihesabiwe kuwa mchango wa shirika katika mradi. Kanuni za ruzuku za serikali kuu ya Marekani zinaruhusu hivyo, kwa sharti kwamba saa hizo ziwe na kumbukumbu. Shirika linaloandika kwa mfadhili kwamba lilipata mamia ya saa za kujitolea, kisha likamwambia kijana kwamba halina kumbukumbu zake, lina ripoti moja kati ya mbili isiyosema kweli. Sisemi hili litumike kama tishio. Ni swali ambalo mjumbe wa bodi mwenye akili zake akiulizwa kwa upole atalielewa kabla sentensi haijaisha.

Siku ya tatu nilimwambia rafiki yangu mambo mawili. La kwanza, asiende ofisini. Si kwamba hana haki. Baba akiingia na hasira, mazungumzo yanakuwa ya watu wazima wawili wanaolinda heshima zao, na binti anageuka kuwa mzigo unaogombewa. Binti aandike barua mwenyewe, baba asome kabla haijatumwa. La pili, mtandaoni baadaye, ikibidi. Ukishaanika, shirika linajibu kwa kujitetea, jina la binti linabaki limeshonwa kwenye ugomvi kwa miaka, na mwajiri wa kesho akilitafuta atakutana na ugomvi kabla ya michoro. Nakubali kuna wakati kelele ndiyo njia pekee, hasa shirika linapowatenda vijana wengi hivyohivyo. Kwa kesi ya mtu mmoja, naiona ghali.

Kisha tukakaa na binti kutafuta ushahidi, na hapa ndipo nilipojifunza kitu. Binti alidhani hana lolote. Tulipofungua simu yake tukakuta jumbe za mratibu wa zamani ("Leo njoo saa nne, tumalizie ukurasa wa kunawa mikono"), tukakuta faili za michoro zenye tarehe, na picha za rasimu za penseli mezani, nyingine zina alama ya kikombe cha chai. Tulipanga Jumamosi moja baada ya nyingine. Zilitoka saa 61 ambazo tungeweza kuzionyesha. Yeye alikuwa anadai zaidi ya 90. Tuliandika 61. Palikuwa na malumbano kidogo hapo, baba akisema shirika lenyewe ndilo lililopoteza daftari la mahudhurio, kwa nini mtoto alipe? Hoja yake haikuwa mbaya. Lakini ukimwomba mtu atie sahihi ukweli, usimpe hata saa moja ya kubishania.

Barua pepe yenyewe ilikuwa fupi. Ilianza na salamu, ikataja jina la mratibu aliyeondoka, ikaambatanisha orodha, kisha: "Naomba barua inayothibitisha saa 61 nilizojitolea. Naomba pia, kijitabu kikichapwa tena, iandikwe 'Vielelezo' na jina langu la kwanza. Baba yangu ameridhia. Kama utaratibu wa shirika hauruhusu majina, nitashukuru nikiuona ulivyoandikwa." Maombi mawili, kila moja limesimama peke yake, ili "hapana" ya pili isimeze "ndiyo" ya kwanza. Tulikubaliana pia kwamba zikipita wiki mbili kimya, ataandika kwa mwenyekiti wa bodi, na mratibu wa zamani ataombwa ushuhuda wake binafsi. Shule nyingi zitampokea msimamizi aliyeona kazi kwa macho hata kama ameshahama.

Haikufika huko. Siku ya tisa barua ya saa ilikuja, ina mhuri na kosa moja la herufi katika jina lake la ukoo, ikarudishwa, ikarekebishwa. Kuhusu jina kwenye kijitabu, mratibu alijibu kwamba uchapaji wa pili haujapangwa na kwamba utaratibu wa majina haujaandikwa popote. Nadhani alisema kweli. Nadhani pia kwamba utaratibu usioandikwa humwangukia aliye mdogo kuliko wote mezani, na hilo sijaona shirika likilikiri kwa hiari.

Mwezi uliofuata walimwomba binti michoro mingine sita. Baba alitaka akatae. Yeye alijibu kwamba atachora, ila kwanza aandikiwe kwa barua pepe jina lake litakaa wapi na saa zake zitawekwa na nani. Mratibu alichukua siku nne kujibu, kisha akaandika mstari mmoja: ukurasa wa pili, na saa nitaziweka mimi.