Amu Darya: mji uliupa mto jina, au mto uliupa mji?

Amu Darya ni mto wa Asia ya Kati, na ukiandika "Mto Amu Darya" umesema mto mara mbili. Kwa Kitajiki na Kiuzbeki, darya ni mto mkubwa. Ni Kiajemi cha Iran kinacholitumia neno hilohilo kwa bahari. (Na Amu hii haina undugu na Amu ya Walamu.) Ubishi uko kwenye neno la kwanza.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Amu imetokana na Amul, mji wa kivukoni kwenye njia ya misafara kati ya Marw na Bukhara, ambao leo ni Türkmenabat, Turkmenistan. Wapinzani huuliza: ile L imepotelea wapi? Tena, kwa nini mto usiwe ndio uliotangulia, mji ukafuata?

Swali la L si zito. Maandishi ya zama za kati huutaja mji huohuo kwa majina yote mawili, Amul na Amuya. Hili la mto kutangulia ndilo gumu kulitetea. Iko Amul nyingine kusini mwa Bahari ya Kaspi, Amol ya Iran, mbali kabisa na mto huu; kwa hiyo jina la mji halikuhitaji mto huu ili liwepo. Isitoshe, Rudaki, mshairi aliyefariki mwaka 941, anataja mchanga wa Amu katika ubeti mmoja, na ubeti unaofuata maji ya Jayhun, kana kwamba Amu ni mahali na Jayhun ndio mto. Utasema mizani ilimbana, yawezekana. Lakini Jayhun ndilo jina ambalo Waarabu na Waajemi waliuita mto enzi hizo, nalo lilihamishwa kutoka Gihoni, mto wa Edeni wa Mwanzo 2:13. Kwangu mimi, mji ndio uliotangulia.

Oxus, jina ambalo Wagiriki waliuita mto huu, lina asili nyingine. Wako wanaolihusisha na neno la Kigiriki oxys, "kali", kwa kuwa tu yanafanana. Chanzo ni Vakhsh, mto wa Tajikistan unaoungana na Panj kuunda Amu Darya. Panj huleta maji mengi zaidi, lakini jina limetoka kwa mdogo! Maana yake wengine huiona katika "kunyunyiza". Mimi naegemea "kukua", si kwa sababu mto hufura theluji ya milima ya Pamir inapoyeyuka kiangazi, maana mito mingi ya huko hufura hivyo, bali kwa sababu Kiavesta, lugha ya kale ya Kiirani ya maandiko ya Wazoroasta, kina kitenzi vakhsh chenye maana hiyohiyo. Sarafu za Huvishka, mfalme wa Wakushani, watawala wa kale wa Asia ya Kati na kaskazini mwa India, zinamwonyesha mungu wa mto na jina OAXÞO, linalosomwa Wakhsho (Þ ni sh): ile O ya mwanzo imeshika nafasi ya W, herufi ambayo alfabeti ya Kigiriki waliyoitumia haikuwa nayo.