Mama Kazeeka, na Mwanawe Naye Kazeeka

Ukizungumzia watu wazima wenye ulemavu wa akili hapa Dar, hukosi kusikia kwamba kumpeleka mtu kwenye kituo cha kulelea ni kumtupa. Wengine watakujibu kwa swali: bibi wa miaka 75, magoti yamekwisha, atamwinua mwanaume mzima mpaka lini?

Wa kwanza wana hoja nzito. Mtaani kwetu Mbagala yupo kaka wa miaka arobaini na kitu mwenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa nayo inayodhoofisha uwezo wa akili. Akisimama gengeni kimya, muuzaji anajua ana kiu. Akivuka barabara kuu, bodaboda wanamrudisha kwao bila kuulizwa. Kituo hakiwezi kuajiri mtaa mzima. Na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inawataja ndugu miongoni mwa wanaopaswa kumsaidia.

Ila hao ndugu, kwa vitendo, ni mama yake peke yake. Bafu ni la uani, la wapangaji wote, kwa hiyo anamwogesha kabla ya alfajiri: kiti cha plastiki, ndoo mbili, na mkono mmoja ukutani asiteleze yeye mwenyewe. Vitumbua alivyokuwa akiuza ameacha.

Kibaya zaidi, sindromu ya Down huzeesha mapema. Kufikia miaka 40, ubongo wa wengi wao huwa na dalili za ugonjwa wa Alzheimer, ule wa kupoteza kumbukumbu. Kaka anaanza kusahau choo kilipo, watu wanasema ana kiburi, au karogwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inahesabu mzee kuanzia miaka 60, kwa hiyo yeye bado "kijana". Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kwa wenye ulemavu nayo ni mkopo. Mtu wa kuogeshwa atarejesha nini?

Sishabikii kumhamishia Kigamboni, kwenye makao ya wazee ya Nunge, mbali na genge lake. Ningependa kituo cha kutwa hapahapa mtaani, hata siku mbili kwa wiki, mama arudi kwenye vitumbua vyake. Na kikao cha ukoo kifanyike mama angali hai: nani atakaa naye, chumba atalipiwa na nani. Mambo haya yakisubiri arobaini ya mama, kaka anagawiwa pamoja na vyombo.

Watasema fedha hakuna. Zanzibar tangu 2016 inawalipa pensheni wazee wote waliofikisha miaka 70, bara bado. Basi tuanze na walezi wa umri huo tu, wenye watoto wa kuogeshwa.